Ratiba ya mafunzo ya mwaka: anza na siku ambazo huwezi kumfunza mtu

Ratiba yangu ya kwanza ilikuwa na rangi nne. Nilikuwa nimetoka uhasibu kuletwa ofisi ya wafanyakazi, katika kiwanda cha mikate hapa Industrial Area, Nairobi, na nilitaka mkurugenzi aone kwamba hakukosea kunichagua. Nikapanga mafunzo 24 kwenye ekseli, mawili kila mwezi, Januari hadi Desemba. Kufikia mwisho wa Machi yalikuwa yamefanyika matatu. Moja kati ya hayo walikuja watu watano, na wawili wao wakasinzia mbele ya mkufunzi niliyemlipa.

"Madam," supavaiza wa usiku aliniambia baadaye, kwa upole ambao sikuustahili, "hawa si wavivu. Wametoka zamu saa kumi na mbili asubuhi. Wewe umewaweka darasani saa tatu."

Hiyo ni miaka sita iliyopita. Siku hizi ratiba yangu ina mafunzo tisa na inafanyika karibu yote. Nitakueleza ninavyoipanga, nikitumia kiwanda chetu kama mfano: watu 64, yaani 22 wa kukanda na kuoka mchana, 18 wa usiku, madereva na wapakiaji 14, mauzo na stoo 6, na ofisi 4. Ukiwa na saluni ya watu wanane au shule ya walimu thelathini, badilisha majina ya kazi.

Penseli nyekundu kwanza

Tafuta kalenda ya ukutani, ile ya karatasi yenye nafasi ya kuandika. Sisi huletewa na msambazaji wa unga kila Desemba. Kompyuta iache kwanza. Chukua penseli nyekundu ukate siku zote ambazo haziwezekani.

Anza na sikukuu, kwa sababu hizo hazina ubishi: 1 Januari, Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka, 1 Mei, Madaraka 1 Juni, Siku ya Mazingira 10 Oktoba, Mashujaa 20 Oktoba, Jamhuri 12 Desemba, Krismasi na kesho yake. Idd-ul-Fitr hufuata mwezi mwandamo, kwa hiyo mimi hukata wiki nzima. Ramadhani nayo hurudi nyuma kama siku 10 au 11 kila mwaka. Usinakili tarehe za mwaka jana. Kiwanda cha mikate hakifungwi sikukuu, lakini anayekuja siku hiyo analipwa mara mbili, na sijaona mkurugenzi wa kulipa mara mbili ili mtu afunzwe kunawa mikono.

Kisha kata siku za biashara yako. Hapa inabidi uulize, usikisie. Nilidhani Januari ni mwezi mwepesi kwa sababu ya Njaanuari, kila mtu hana pesa. Meneja wa mauzo alinicheka. Januari shule zinafunguliwa na shule ndizo wateja wetu wakubwa. Malori yanatoka alfajiri yamejaa kreti hadi mlangoni. Agosti, shule zikifungwa, ndiyo tunapumua. Desemba usiiguse kabisa. Siku tatu za mwisho wa kila mwezi stoo wanahesabu mali, nao utawakuta na uso wa mtu anayehesabu mali.

Halafu mvua. Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba hazizuii kazi, ila zinazuia watu kufika mapema na kukaa baada ya zamu. Wengi wetu wanaishi Mukuru kwa Njenga, kwa Reuben na Kayaba, wanakuja kwa miguu. Mwishoni mwa Aprili 2024, mafuriko yalipoingia majumbani, nilikuwa nimepanga somo la usafi wa mashine siku ya Jumatatu. Wafanyakazi wawili walikuwa wamelala juu ya meza na watoto wao. Serikali ilikuwa imeahirisha hata kufunguliwa kwa shule. Nililifuta somo kwa kalamu, na tangu hapo Aprili na Mei haziwekewi kitu kinachozidi dakika 45.

Mwisho wa penseli nyekundu ni likizo, na hapa ndipo wapangaji wengi huteleza. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa kila mfanyakazi siku 21 za kazi kwa mwaka, zisizopungua. Zidisha kwa watu 64 upate siku 1,344. Sisi hufanya kazi siku sita kwa wiki kwa kila mtu, yaani kama siku 312 kwa mwaka. Gawanya: siku yoyote ile, watu wanne au watano hawapo. Hao si watoro, wako likizo halali. Ukipanga mafunzo ya "wafanyakazi wote" Jumanne moja, tayari umewakosa watano kabla ya mgonjwa wa kwanza kupiga simu. Kwa hiyo omba fomu za likizo za mwaka zijazwe Novemba, kabla ya ratiba ya mafunzo. Watu watalalamika kwamba hawajui watasafiri lini. Waambie waandike kwa penseli.

Nilipokata hivi mara ya kwanza nilibaki na wiki 19 zilizo wazi. Nilikuwa nimepanga mafunzo 24. Hakuna hesabu iliyonifunza kazi hii kuliko hiyo.

Kitabu cha makosa

Sasa, nini kifunzwe? Makosa ya kawaida ni kumwachia kila mkuu wa idara aandike anachotaka. Utapokea orodha ya semina za uongozi huko Naivasha.

Mimi huweka daftari la kurasa 200, kubwa, jeusi, mezani kwa supavaiza wa zamu. Kila kinachoharibika kinaandikwa mstari mmoja: tarehe, zamu, nini, kiasi gani. Mikate iliyoungua, kreti zilizorudishwa na duka, dereva aliyefika amechelewa shuleni, mtu aliyejikata, stakabadhi iliyoandikwa vibaya. Jina la mtu haliandikwi. Nilijaribu kuandika majina mwaka wa kwanza na daftari likakaa tupu miezi miwili, kana kwamba tumekuwa malaika.

Oktoba mimi na masupavaiza wawili tunakaa na chai ya saa nne na kulisoma lote. Kila kosa tunaliuliza swali moja: mtu huyu angepewa shilingi elfu kumi papo hapo, angeweza kulifanya sawasawa? Kama jibu ni ndiyo, basi anajua, na mafunzo hayatasaidia; tafuta kinachomzuia. Kama jibu ni hapana, hilo ni la kufunzwa.

Mfano ninaoupenda, ingawa ulinigharimu aibu. Mwaka mmoja mikate ya gramu 400 ilikuwa ikirudi kwa kuwa myepesi. Mkate hupoteza maji tanurini, kwa hiyo donge hukatwa likiwa zito kuliko mkate utakaouzwa, na mimi nikaamua kwamba zamu ya usiku hawajui kukata. Nikaandaa somo zima, na picha nikachora. Katikati ya somo mzee wa tanuri, aliyekuwa kimya nyuma, akainuka akachukua jiwe la mizani la kilo moja akaliweka juu ya mizani ya usiku. Ikasoma gramu 1,060. Alikuwa amelisema hilo mara tatu kwa mtu ambaye sasa hayuko nasi. Tulihitaji fundi wa mizani, na nilikuwa nimewanyima watu 18 usingizi kwa saa mbili.

Kati ya makosa kumi makubwa katika daftari, kwetu huwa ni manne au matano tu yanayotaka mafunzo. Mengine yanataka spana, taa, au mtu wa pili kwenye lango la kupakia. Yaandike kando umpelekee mwenye nayo. Usiyaache, kwa sababu ndiyo yatakayokuletea heshima kwa watu wa chini.

Yale yasiyoombwa ruhusa

Kuna mafunzo ambayo hayangoji daftari. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 na kanuni zake ndizo zinazoyataka, na mkaguzi akija ataomba kuona karatasi. Zoezi la moto lazima lifanyike angalau mara moja kila miezi 12. Pahali pa kazi penye watu 20 au zaidi panatakiwa kuwa na kamati ya usalama na afya, na wanakamati wafunzwe. Watu wa huduma ya kwanza lazima wawe na cheti kilicho hai. Sisi tunaoshika chakula tuna jambo lingine ambalo si mafunzo lakini linakula siku zilezile: kila anayegusa mkate hupimwa afya kila miezi sita. Watu 40 wa kukanda na kuoka, mara mbili kwa mwaka. Usipoliandika kwenye kalenda ileile, litakugongana.

Hila yangu ni ndogo. Usiandike tarehe cheti kinapoisha. Andika miezi miwili kabla. Cheti kikiisha Septemba, kwenye kalenda yangu kinaisha Julai, wala sifikirii tena.

Na kuhusu zoezi la moto, niulize mimi. Kwa miaka tulilifanya saa tano mchana. King'ora kinalia, watu wanatoka wakicheka, tunahesabiwa nje getini, tunapiga picha ya faili. Usiku hakuna aliyewahi kutoka mlango wowote. Mwaka nilipolihamisha lifanyike mara mbili, la pili saa nane usiku, tuligundua kwamba mlango wa nyuma hufungwa kwa kufuli saa nne usiku kwa kuogopa wezi, na ufunguo huenda nyumbani na askari wa zamu ya mchana. Mtungi wa kuzimia moto ulikuwa nyuma ya kreti 60. Kama una zamu mbili, una mazoezi mawili. Hapo sibishani na mtu.

Pesa, kwa ufupi

Mkurugenzi ataona ada ya mkufunzi. Wewe umwonyeshe mengine: saa za ziada, ambazo siku ya kawaida zinalipwa mara moja na nusu, chai, nauli ya watakaochelewa kutoka, na mikate isiyookwa. Somo la saa mbili kwa watu 18 wa usiku ni saa 36 za kulipwa mara moja na nusu, sawa na saa 54 za kawaida. Ukiandika hivyo, utajikuta wewe mwenyewe unalifupisha somo.

Upande wa pili kuna pesa ambazo kampuni nyingi ndogo huziacha mezani. Kila mwajiri hulipa ushuru wa mafunzo wa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, unaokwenda kwa NITA, Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani. Kwetu ni 50 mara 64 mara 12, shilingi 38,400 kwa mwaka. Mwajiri aliyefunza watu wake anaweza kuomba arudishiwe sehemu ya gharama, lakini masharti ni makali: ushuru uwe umelipwa, mkufunzi awe amesajiliwa nao, na maombi yaingie kabla ya mafunzo kuanza. Neno ni kabla. Niliwahi kutembea hadi ofisi zao Commercial Street nikiwa na bahasha safi ya risiti na orodha ya mahudhurio ya semina iliyokwisha wiki mbili nyuma. Nilirudi na bahasha yangu. Ndiyo sababu ratiba lazima iwe tayari Novemba: bila tarehe huna cha kujaza kwenye fomu.

Safu nne

Sasa fungua kompyuta. Jedwali langu lina safu nne tu: nani, nini, lini, na nani atashika nafasi yake. Ya nne ndiyo ratiba yenyewe. Tatu za kwanza ni ndoto. Kama huwezi kuandika jina la mtu atakayesimama kwenye mashine ya kukanda wakati mwenyewe yuko darasani, somo hilo halipo, hata kama mkufunzi amelipwa. Supavaiza atamvuta mtu wake katikati ya somo, na atakuwa na haki.

Kwa sababu hiyo kila somo nalivunja mikupuo mitatu: mchana nusu ya kwanza, mchana nusu ya pili, usiku. Wa usiku nawafunza saa mbili usiku wanapoingia, kabla donge la kwanza halijakandwa, wakiwa wameamka vizuri na wamekula. Madereva wanarudi kama saa tano asubuhi baada ya kusambaza. Hao nawapata saa sita, na chakula. Usijaribu kuwapata Jumatatu.

Mkufunzi wa nje namwita kwa yale yenye cheti tu. Mengine tunafunzana. Mzee wa tanuri, yuleyule wa jiwe la mizani, hakubali kusimama mbele ya watu ukumbini. Mwambie amwonyeshe kijana mmoja jinsi ya kusikiliza mlio wa bani za gesi, yaani vichomeo vya tanuri, na baada ya dakika tano ana watu saba mgongoni. Kwenye jedwali nimemwandika kama mkufunzi na namlipa posho. Alipoona jina lake limeandikwa na mtambo alilisoma mara mbili.

Acha pia siku za akiba, moja kila miezi miwili. Tarehe 25 Juni 2024, Jumanne, nilikuwa nimekodi ukumbi mjini kwa ajili ya madereva 14. Wote mnakumbuka siku hiyo mji ulivyokuwa, maandamano ya Mswada wa Fedha. Hatukwenda, na rubuni haikurudi. Siku ya akiba ya Julai ndiyo iliyotuokoa, na tukafanyia hapa kiwandani, chini ya turubai. Tangu hapo sikodi ukumbi mjini. Turubai letu linatosha.

Mwaka wetu ulivyokaa

Ili uone mfano: Januari hakuna kitu isipokuwa kumtembeza mfanyakazi mpya siku yake ya kwanza. Februari, vipimo vya afya na usafi wa chakula kwa pamoja, maana watu wako foleni hata hivyo. Machi, kabla mvua haijashika, mazoezi mawili ya moto. Aprili na Mei, masomo mafupi mawili tu, moja la stakabadhi na moja la kunyanyua mzigo bila kuvunja mgongo. Juni tunaisoma nusu ya daftari. Julai, huduma ya kwanza. Agosti ndio mwezi mnono: shule zimefungwa, tunaweza kusimamisha mashine moja kwa siku nzima, kwa hiyo usafishaji na ulainishaji wa mashine hufunzwa mashine ikiwa imefunguliwa, pamoja na vipimo vya pili vya afya. Septemba ni masupavaiza na kamati ya usalama. Oktoba, madereva, katikati ya zile sikukuu mbili. Novemba tunapanga.

Kumpelekea mkurugenzi, ukurasa mmoja unatosha. Juu andika kosa kubwa la daftari na lilivyotugharimu kwa shilingi. Chini yake jedwali. Usianze na neno "mafunzo". Anza na kreti zilizorudi.

Na baada ya kila somo usiwape watu ile karatasi ya kuuliza kama wamefurahia. Watasema wamefurahia, kulikuwa na soda. Subiri siku 30, fungua daftari, hesabu mistari ya kosa lile. Somo la stakabadhi liliishusha mistari kutoka 17 kwa mwezi hadi 4. Lile la kunyanyua mzigo halikubadilisha chochote, nikaenda kupakia nao alfajiri moja ndipo nikaona: kreti za chini zinawekwa sakafuni kwa kuwa meza ya kupakilia ilivunjika mguu. Fundi wa mbao alikuja Alhamisi.

Ratiba iliyokwisha huibandika karibu na saa ya kuingilia, si ofisini kwangu, na penseli imefungwa kwa uzi kando yake. Mwaka huu wiki ya kwanza tu nilikuta mtu wa usiku amezungushia somo la Julai na kuandika: hii ni wiki ya harusi ya supavaiza, sote tunaenda Machakos. Nilikuwa nimekosa kuuliza. Nikatumia siku ya akiba.